Victory ya 1805 na Victory ya leo: mwunda vielelezo amwamini shahidi yupi?

Mwaka 2015 manowari HMS Victory, iliyo katika chelezo cha Portsmouth, Uingereza, ilipakwa rangi upya. Milia ya njano iliyokolea, inayokaribia rangi ya chungwa, ambayo wageni wa miaka mingi waliijua kuwa ndiyo sura yake, iliondolewa. Mahali pake ikaja njano hafifu ya kimaziwa, yenye wekundu wa mbali. Haikuwa suala la kupendeza. Wataalamu walikuwa wamechunguza tabaka za rangi za kale zilizosalia kwenye mbao za meli, wakafikia uamuzi kwamba hiyo ndiyo njano iliyokuwa ubavuni siku ya vita vya baharini vya Trafalgar, 21 Oktoba 1805, ambapo Waingereza chini ya amiri Nelson walipigana na Wafaransa na Wahispania.

Kwa mtu anayeunda kielelezo, yaani nakala ndogo ya mbao, cha meli hiyo, habari ile iligusa penyewe. Vielelezo visivyo na idadi vilikuwa vimekwisha kupakwa ile njano ya zamani, kwa imani kwamba aliyenakili meli yenyewe hawezi kukosea. Tangu hapo swali lililokuwapo siku zote limekuwa gumu kulikwepa: unapotafuta sura halisi ya manowari ya matanga, umwamini nani kwanza, meli iliyosimama mbele yako au karatasi na picha za wakati wake?

Swali hili lina uzito kwa sababu mwunda vielelezo hana pa kujificha. Mchoraji akikwama hufunika sehemu asiyoijua kwa moshi wa baruti au kwa wimbi. Kielelezo huzungukwa pande zote. Victory ina kama mita 69 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na kwa kipimo cha 1:100 inakuwa sentimita 69 za mbao, kamba na roda, kila kimoja kikidai jibu. Kifuniko cha dirisha la mzinga kilipakwa rangi gani upande wa ndani? Ukingo wa sitaha ya mbele ulifika kiunoni mwa baharia au ulimficha kabisa? Usipoamua, kazi inasimama.

Wanaoitegemea meli yenyewe wana hoja nzito, na tusizidharau. Meli inapimika. Unaweza kuona mbao zinavyopinda kuelekea tezi, umbali kati ya dirisha moja la mzinga na jingine, jinsi kamba nene zinavyobana mlingoti. Mambo hayo hakuna mchoro unaoyaeleza yote. Michoro ya viwanda vya meli vya karne ya 18 ilitengenezwa kuelekeza ujenzi, si kuhifadhi habari za meli baada ya kutumika. Inaonyesha umbo la kiunzi na mahali pa sitaha, lakini fundi akiwa kazini aliweza kubadili jambo bila kurudi kuandika. Zaidi ya hayo, wazee waliofanya ukarabati wa 1922 hadi 1928 hawakukisia ovyo. Walikusudia kuirudisha Victory katika hali ya Trafalgar, wakachimbua kumbukumbu kwa bidii. Nani leo, akiwa mezani kwake na gundi, atajidai kuzijua mbao zile kuliko wao?

Lakini meli hiyo ina historia ndefu, na historia hiyo ndiyo inayoivuruga kama shahidi. Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa meli, ulilazwa katika kiwanda cha Chatham, Uingereza, mwaka 1759 na ikashushwa majini mwaka 1765. Ilipoingia Trafalgar ilikuwa na miaka 40. Kati ya 1800 na 1803 ilifanyiwa ukarabati mkubwa: roshani za wazi za tezi zikazibwa, na nakshi kubwa ya omo, iliyojaa watu na wanyama, ikaondolewa. Ikawekwa iliyo sahili zaidi, yenye nembo ya kifalme na taji, ikishikiliwa na malaika wawili wadogo. Baada ya vita, kati ya 1814 na 1816, omo yake ilijengwa upya ikawa ya mviringo, na ilibidi mafundi wa miaka ya 1920 waivunje ili wairudishe ya zamani. Milingoti ya chini iliyosimama humo kwa zaidi ya miaka mia moja ni ya chuma, iliyotoka kwenye manowari nyingine, HMS Shah. Mwaka 2011 sehemu za juu za milingoti ziliteremshwa, na mwaka 2021 mlingoti mkuu wenyewe uling'olewa ili utengenezwe. Anayeenda Portsmouth na kamera anapiga picha za karne tatu kwa pamoja, na picha hazimwambii kipi ni cha lini.

Kwa hiyo kundi la pili linasema: weka kamera chini, ufungue nyaraka. Nao wana haki. Ila nyaraka nazo zina mitego yao, na hapa naona wengi wanaozisifu hawaisemi vya kutosha. Kuna kielelezo maridadi cha Victory kilichotengenezwa katika karne ya 18, kipo kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich. Kinaonyesha meli ya ujana wake, yenye nakshi zote za mwanzo. Anayekinakili kwa uaminifu mkubwa ataunda Victory ambayo Nelson hakupigana nayo Trafalgar.

Na wachoraji je? Turner alifika kwenye Victory iliporudi Uingereza Desemba 1805, akachora na kuandika alichokiona. Huo ni ushahidi wa dhahabu, kwa kuwa uharibifu wa vita ulikuwa bado haujafutwa. Lakini Turner huyohuyo, alipoagizwa na Mfalme George IV kuchora vita vile miaka ya 1820, alitoa picha ambayo mabaharia waliilaumu kwa makosa. Mtu mmoja, meli moja, thamani mbili tofauti: michoro ya haraka aliyoifanya akiwa melini inazidi mbali turubai kubwa la heshima. Arthur Devis naye alipanda melini kwa ajili ya picha yake ya kifo cha Nelson, akavikagua vyumba vya chini na kuzungumza na waliokuwapo. Hata hivyo dari aliliinua, watu wakasimama wima pale ambapo mtu mrefu lazima ainame. Alijua ukweli, akauacha kwa sababu picha ilihitaji nafasi.

Kwangu mimi, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu ushahidi wowote ni lini ulifanywa na kwa kazi gani. Kama ni mbao, mchoro au picha ni suala la baadaye. Turudi kwenye rangi, maana ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi.

Kijipande cha rangi, kidogo kuliko punje ya mchele, kinakatwa kwenye ubao hadi kwenye nyuzi za mti. Kinazamishwa kwenye gundi inayoganda, kinasuguliwa ubavu mmoja hadi king'ae, kisha kinawekwa chini ya darubini. Tabaka za miaka zinaonekana zimelaliana, na kati ya moja na nyingine mara nyingi kuna mstari mwembamba wa uchafu na moshi, dalili kwamba tabaka la chini lilikaa nje muda mrefu kabla ya kupakwa tena. Halafu unafuata ubishani wa kutafuta tabaka la 1805. Viungo vya rangi husaidia. Njano ya kromiamu, kwa mfano, ilianza kutumiwa na wapaka rangi baada ya Trafalgar, kwa hiyo tabaka lenye njano hiyo unaliondoa mara moja kwenye hesabu. Kwa namna hii mbao na karatasi vinakutana: darubini inatoa mpangilio wa tabaka, na kumbukumbu za viwanda vya meli zinatoa miaka.

Hata hapo hakuna aliyeshinda kabisa. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa na rangi hubadilika yakikaa gizani miaka mingi, hivyo njano unayoiona chini ya darubini inahitaji kufasiriwa. Na mwunda vielelezo ana tatizo lake la ziada: kukitazama kielelezo cha 1:100 ukiwa mita moja ni kama kuitazama meli ukiwa mita 100, na hewa ya baharini hufifisha rangi. Ukipaka rangi ileile ya ubavu wa meli, kielelezo kinaonekana kizito na cheusi mno. Mafundi wengi huongeza nyeupe kidogo. Nakubaliana nao, ingawa najua wapo wanaoliita hilo udanganyifu.

Kuna mambo mengine ya Victory ambayo bado yanabishaniwa: urefu wa ukingo wa sitaha ya mbele, na kama milango ya kupandia ubavuni ilikuwapo siku ile. Sitaki kuamua hayo hapa. Kuna jingine dogo ambalo wengi hulipita: Nelson aliagiza mikanda ya chuma ya milingoti ipakwe njano, kwa kuwa meli za Ufaransa na Hispania zilikuwa na mikanda myeusi, ili katika moshi wa vita rafiki atambulike. Kielelezo cha Trafalgar chenye mikanda myeusi kimevishwa sare ya adui.

Vasa ya Uswidi inaongeza onyo. Ilizama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza kabisa, ikainuliwa mwaka 1961, na karibu mbao zake zote ni za asili. Hakuna ukarabati wa baadaye wa kuchanganya mambo. Na bado, kwa miaka mingi ilichorwa ikiwa na nakshi za dhahabu juu ya buluu, hadi chembe za rangi zilizobaki kwenye sanamu zilipochunguzwa na ikaonekana kwamba tezi ilikuwa nyekundu. Meli ilikuwa kamili, ila macho yaliyoitazama yalikuwa tayari yana jibu.

Sasa tuje kwetu, Mombasa, ambako swali linageuka. Santo António de Taná ilikuwa manowari ya Wareno iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681, ikatumwa kutoka Goa kuiokoa Fort Jesus iliyozingirwa na Waomani tangu 1696. Ilizama chini ya ngome hiyo mwaka 1697. Kuanzia 1977 hadi 1980 wanaakiolojia waliichimbua chini ya maji, wakaupima mkuku na mataruma (mbavu za meli) yaliyobaki, kisha wakaufunika mchanga ili mbao zisioze. Vitu vilivyopatikana vingi viko kwenye makumbusho ya ngome. Wahenga wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa meli hii ngama, yaani sehemu ya chini kabisa, ndiyo iliyosalia. Sehemu za juu, yaani tezi yenye nakshi, madirisha ya mizinga na milingoti, zilikwenda na maji.

Kwa Victory ushahidi ni mwingi hadi unagombana. Kwa Taná ni mchache hadi mtu anashawishika kuujaza kwa kuazima: chukua manowari ya Ulaya ya wakati huo yenye vipimo vinavyofanana, uipandishe juu ya kiunzi cha Mombasa. Wanaotetea njia hii wanasema kielelezo kisicho na milingoti kinadanganya zaidi, kwani kinamwonyesha mtoto wa shule gogo badala ya chombo kilichovuka Bahari ya Hindi. Hoja hii inanigusa. Wanaopinga wanajibu kwamba mafundi wa Bassein walifanya kazi kwa mti wa msaji, katika kiwanda chao na kwa desturi zao, na kuwavisha tezi ya Amsterdam au London ni kuwanyang'anya kazi yao. Hoja hii inanigusa zaidi.

Ndani ya Fort Jesus kuna michoro ya ukutani iliyofanywa na askari wa Kireno katika karne ya 17 kwa weusi wa mkaa na udongo mwekundu, na meli zimo. Si picha za Taná. Mikono iliyoichora ilikuwa ya watu walioishi kwa kusubiri meli kutoka Goa, kwa hiyo namna walivyopanga milingoti na matanga yake inastahili kutazamwa kabla ya kukimbilia Ulaya.

Kwa hiyo ningeiunda Taná hivi: kuanzia mkuku hadi pale mataruma yanapokatika, ubao kwa ubao kama ulivyopimwa, kwa msaji. Juu ya hapo ningeweka milingoti na kingo kwa mti mweupe usiopakwa rangi, bila nakshi yoyote, ili mtazamaji aone kwa jicho lake mahali ambapo vipimo vinakoma na makisio yanaanza. Chini yake ningeandika kila kilichokisiwa na sababu yake. Na mchoro wa tezi yake ukipatikana kesho katika hifadhi za Goa au Lisbon, mti mweupe utang'olewa na kazi ianze upya kutoka pale.