Mbalamwezi ya Saluni

Bosi wangu wa zamani wa saluni alikuwa na jibu moja kila tulipolalamika kulipwa kamisheni tu: "Hata wavuvi wa dagaa wanalipwa walichovua." Alilisema ameegemea kiti cha kinyozi, nasi dada wanne wa skrabu na masaji tumekodolea macho mlango.

Nimekulia Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, soko la samaki na dagaa, mfano huo naujua kuliko yeye. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanarudi nyumbani, wanashona nyavu. Mbalamwezi yetu sisi, siku za wateja haba, ni Jumatatu mpaka Alhamisi, ila hakuna kurudi nyumbani. Saa mbili asubuhi umeshavaa sare, saa mbili usiku ndiyo unatoka. Ukichelewa, faini elfu 5. Ukisikika umemkanda mteja nyumbani kwake, kazi huna.

Malipo asilimia 30 ya anacholipa mteja. Masaji ya saa moja elfu 40, yangu elfu 12, toa elfu 2 ya mafuta na taulo. (Taulo! Utadhani naondoka nazo.) Jumanne moja nilipata mteja mmoja: elfu 10 kwa kutwa, humo humo nauli ya daladala na chakula cha mchana.

Ukiuliza likizo au NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, unaambiwa "ninyi si waajiriwa, ni wabia." Hapo ndipo tunapokosana. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata likitimia jambo moja tu kati ya haya: unampangia saa, unamsimamia anavyofanya kazi, unampa vifaa, anakutegemea kwa kipato. Kwetu yalitimia yote hayo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Sisi Ijumaa mchana tulikuwa tumeshazimaliza.

Kamisheni siikatai. Jumamosi, vidole gumba vinawaka moto baada ya wateja sita, ile asilimia ndiyo iliyokuwa ikinipa nguvu ya kusimama. Lakini anayeichukua siku yangu nzima aanze kuilipa hiyo siku, kamisheni ije juu yake. Hataki? Basi aniache niwe mvuvi kweli, nije nikiitwa, nikande popote.

Siku hizi nakodi kitanda cha masaji kwa mama mmoja Mabatini, elfu 7 kwa siku ninayokuja. Nisipokuwa na mteja nashinda nyumbani. Wenzangu watatu bado wako palepale, wanatazama mlango.