Nani Alimtuma Abwie Unga?

Taja neno teja, yaani mraibu wa unga (heroini), mahali popote penye watu watatu Dar es Salaam, swali hili halichelewi kuja: nani alimtuma? Anayeuliza si lazima awe na roho mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyeamka akakuta mita ya maji imeng'olewa, au mama aliyeacha nguo kambani usiku akakuta kamba tupu asubuhi. Watetezi wa waraibu wana kawaida ya kuliruka swali hili na kukimbilia "wale ni wagonjwa", kana kwamba ugonjwa utairudisha sufuria iliyokwisha kupimwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi nipo upande wa kuwasaidia, lakini aliyeibiwa anastahili jibu.

Ni kweli wengi hawakushikiwa kisu walipoonja mara ya kwanza. Walikuwa kijiweni, wakapokezana kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, wengine wakijua na wengine bila kuambiwa. Unga wenyewe hauzalishwi hapa. Hutoka Afghanistan, hushuka hadi pwani ya Makran kule Iran na Pakistan, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi mpaka kwetu. Kijana wa Magomeni hakuichora njia hiyo. Hata hivyo yupo jirani yake aliyekaa kijiwe hichohicho, akapokezwa kokteli hiyohiyo, akakataa. Hoja ya hiari ina uzito wake na sioni sababu ya kuificha.

Udhaifu wake ni kwamba inaishia kete ya kwanza, kile kifuko kidogo cha unga. Mwili ukishazoea heroini, mtu akiikosa kwa muda wa nusu siku hivi arosto inaanza: kamasi, jasho, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kama inasagwa, usingizi kuyeyuka. Kete ya alfajiri inanunuliwa ili mtu aweze kusimama tu. Raha aliyoifuata zamani haipo tena, na hapo ndipo nguo za kambani zinapoondoka.

Kuna mfano wa nje ambao kila upande huuvutia kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikiri kuwa alikuwa mraibu alipokuwa kule, lakini baada ya kurudi nyumbani waliozama tena mwaka wa kwanza walikuwa wachache sana. Mpinzani atasema: mnaona, mtu akitaka anaacha. Sawa, ila wale waliondolewa walipokuwa, wakarudi kwenye familia na kazi, mbali na mahali palipowafundisha. Teja wa Manzese akitoka jela anashushwa na daladala mita chache kutoka kwa pusha wake wa zamani, yule aliyekuwa akimuuzia unga. Tukitaka aache kwa nguvu ya nia peke yake, tunamdai kitu ambacho hata askari wale hawakudaiwa.

Tatizo jingine ni kwamba tunaita huruma mambo mawili yasiyofanana. Mama anayempa mwanawe elfu mbili "akakate arosto", ili asiuze godoro, anafanya hivyo kwa mapenzi, na silaumu hata kidogo, ila fedha ile inafika kwa pusha kabla jua halijazama. Nyumba nyingine inamfunga kijana mnyororo, nayo kwa mapenzi hayohayo. Wanaosema huruma inawaharibu mateja wanaitazama huruma ya aina hii, na kwa hiyo wako sahihi.

Aina nyingine ni ngumu zaidi. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke na baadaye mikoa mingine. Kenya nayo ilianza mwishoni mwa 2014. Dawa hii ya maji inanywewa mbele ya mhudumu, naye anahakikisha umeimeza usiende kuitema na kuiuza. Kwa kawaida ni kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo, miezi hata miaka. Anayedhani huko ni kudekezwa ajaribu kutafuta nauli ya kwenda hospitali kila asubuhi kwa miaka miwili bila ajira. Utaambiwa ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Kimwili upo ukweli, kwani methadoni nayo mwili unaizoea. Tofauti iko katika siku ya mtu: dozi moja inamvusha siku nzima, bila arosto na bila sindano, na muda aliokuwa akiutumia kuwinda kete unabaki wake.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya fedha. Bibi mwenye kisukari anaambiwa akanunue dawa dukani, huku aliyemwibia anakunywa yake bure. Hapo neno "haki za waraibu" halimfikishi bibi popote. Jibu langu ni la hesabu kuliko la moyo. Tafiti za miaka ya nyuma Tanzania zilikuta karibu theluthi moja ya wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, wakati kwa watu wazima kwa jumla ilikuwa takriban asilimia tano. Sindano inayozunguka kijiweni haibaki kijiweni, maana wale wana wake, wapenzi na watoto. Tukimwacha teja, tutamlipia tu, kwa dawa nyingine na kwa watu wengi zaidi.

Moyo wetu nao huchagua sura. Mwaka 2012 mwanamuziki Ray C alipougua kwa uraibu wa dawa za kulevya, taifa lilisikitika, Rais Kikwete akamsaidia kupata matibabu, na msanii akaenda Ikulu kushukuru. Ilikuwa vizuri. Msichana wa Uwanja wa Fisi, kule Manzese, mwenye tatizo lilelile hakuna anayemjua jina, na hata kliniki wanawake ni wachache kuliko wanaume, kwa kuwa aibu yao ni kubwa zaidi. Februari 2017 upepo ukageuka: Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akatangaza hadharani majina ya wasanii na wengine waliotakiwa kuripoti polisi kuhusu dawa za kulevya. Wengi walishangilia. Sijui ni mraibu gani aliyepata ujasiri wa kujitokeza akatibiwe baada ya wiki ile.

Kwa miaka mingi ubishi huu tumeuendesha kwa raha, kwa sababu bili kubwa alilipa mwingine. Methadoni ya Muhimbili ilianza kwa msaada wa PEPFAR, mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, ilionekana jinsi huduma nyingi za namna hii zilivyokuwa zimeegemea ukuta wa watu wengine. Kwa hiyo swali la kama teja anastahili sasa linahamia kwenye bajeti yetu, na pale hatakuwa na mbunge wa kumsemea. Mwenye nguo zilizoibwa atakuwa naye. Ningependa huyo mwenye nguo ndiye aombe kliniki ijengwe karibu na mtaa wake, kwa faida yake mwenyewe, hata kama bado ana hasira.