Bendi ya Mtu Mmoja ni Bendi Gani?

Albamu ya Death of a Bachelor ilipotoka Januari 2016, jina la jaladani lilikuwa lilelile la bendi ya roki ya Marekani: Panic! at the Disco. Wenye jina ndio hawakuwapo. Ryan Ross, aliyetunga sehemu kubwa ya maneno ya albamu ya kwanza ya 2005, alikuwa ameondoka tangu 2009 pamoja na Jon Walker wa besi. Mpiga ngoma Spencer Smith, mmoja wa waasisi, akaiaga bendi 2015. Mwaka huohuo Dallon Weekes akawa wa kupiga kwenye ziara tu. Akabaki Brendon Urie, anaimba na kupiga karibu kila ala mwenyewe, isipokuwa zile za kupuliza.

Sisi wa Nairobi tuna desturi yetu. Wanamuziki walipojitoa bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978 walijiita Les Wanyika. Undugu ulisikika kwenye jina, lakini mpenzi wa rumba alijua usiku huo anakwenda kumsikiliza nani. Sauti Sol nao walipoagana na mashabiki hapahapa mjini Novemba 2023, kila mmoja alishika njia kwa jina lake; hakuna aliyebaki na kibao cha duka.

Ndiyo maana nasema Urie angeandika jina lake. Na sisemi hivyo kwa kuidharau albamu. Kwangu inaipita ile ya 2013, na raha yake inatokana na kukosa mtu wa kumwambia basi, inatosha. Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu: Frank Sinatra mtupu, yule mwimbaji wa zamani wa Marekani, ila chini yake kuna mdundo mzito ambao ungetikisa vioo vya matatu ya Rongai. Katikati anapandisha sauti mpaka unajiuliza atashukaje. Sidhani bendi ya watu wanne, kila mtu na maoni yake, ingeuacha wimbo huo upite hivyo.

Ajabu ni kwamba hata huo upweke una watu. Wimbo wa Victorious, wa albamu hiyohiyo, una watunzi chungu nzima, Rivers Cuomo wa bendi ya Weezer akiwamo. Wanabendi wameisha, waalikwa wamejaa! (Kwa masikio yangu ndio wimbo unaochosha upesi zaidi.)

Wapenda roki wenzangu, na hapa mjini si wengi, hunijibu kwamba jina ndilo linalouza. Kweli, hiyo ndiyo albamu ya kwanza ya Panic! kushika nambari moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na ikateuliwa kuwania Grammy. Biashara naielewa. Ila aliyeipenda bendi kwa maneno ya Ross aliuziwa kitu kingine kabisa, hata kama kitu chenyewe ni kizuri.

Jina hilo Urie alilifunga Machi 2023, baada ya onyesho la Manchester. Akirudi studio nitainunua kazi yake siku ya kwanza, mradi jaladani paandikwe Brendon Urie.