Shoti kazini: kumfukuza mtu na kumkata mshahara si jambo moja

Hesabu zinafungwa, mashine inaonyesha droo inatakiwa iwe na kiasi fulani, na noti zilizoko mezani hazifiki. Mwenye zamu anahesabu tena. Anapanga sarafu upya, anapekua risiti moja moja. Shoti, yaani upungufu wa fedha, iko palepale. Kinachofuata sehemu nyingi ni karatasi: "Saini hapa, utakatwa mwisho wa mwezi." Akisita, anatajiwa polisi.

Watu wakibishana kuhusu jambo hili, hubishana kama kwamba swali ni moja: keshia aaminiwe au asiaminiwe? Mimi naona maswali ni matatu. Je, anaweza kuachishwa kazi? Je, anaweza kulipishwa fedha iliyopotea? Je, anaweza kushtakiwa kwa wizi? Kila swali linadai ushahidi wa kiwango chake, na dhuluma nyingi huanzia pale ushahidi unaotosha kujibu la kwanza unapotumika kumaliza yote.

Tuanze na mwajiri, maana ana hoja. Anayemkabidhi mtu fedha taslimu hana kinga kubwa zaidi ya kumwamini, na wizi wa ndani mara chache huwa na shahidi. Kumtaka athibitishe pasipo shaka yoyote, kama afanyavyo mwendesha mashtaka, ni kumfunga mikono. Ndiyo maana huko Uingereza, tangu kesi maarufu ya Burchell ya mwaka 1978, mahakama za kazi huuliza mambo matatu: mwajiri aliamini kwa dhati kwamba mfanyakazi alikosa uaminifu? Alikuwa na sababu za msingi? Alichunguza vya kutosha kabla ya kuamua? Hakuna anayedai uthibitisho kamili.

Mwaka 1980 mahakama ya rufani ya huko ilikwenda mbali zaidi. Fedha zilitoweka kwenye sefu ambayo wasimamizi wawili tu ndio walioweza kuifungua. Mwajiri alichunguza, akashindwa kujua ni nani kati yao, akawafukuza wote wawili. Mahakama ikasema ni halali. Uamuzi huo unauma, kwa sababu huenda mmoja wao hakugusa hata senti. Hata hivyo naukubali, kwa sharti kwamba tusiunyooshe kupita uzito wake: watu walikuwa wawili, sefu moja, na uchunguzi ulifanyika. Hauwezi kumsaidia meneja mwenye droo inayoguswa na watu sita kwa nywila moja, anayeamua kumkamata yule aliyekuwa zamu ya mwisho.

Kwenye kukata mshahara, sheria hubadilisha sauti, na ni sawa ibadilike. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato hufanywa tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au uamuzi wa usuluhishi. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unamtaja waziwazi kuwa mpokeaji na mtunza fedha. Masharti yanatofautiana, lakini sheria zote mbili zinadai kosa la mtu. Shoti peke yake inaonyesha tu kwamba kitabu na droo havikubaliani. Haisemi ni nani aliyesababisha.

Anayeona hili ni jambo dogo aangalie shirika la posta la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 liliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon kwenye ofisi zake. Wasimamizi wa ofisi ndogo, ambao walifanya kazi kwa mkataba na kisheria hawakuwa waajiriwa, wakaanza kuona upungufu wasioweza kuueleza. Mama mmoja alipiga simu ya msaada, akafuata maelekezo, na upungufu ukaongezeka maradufu kwenye kioo cha kompyuta mbele ya macho yake. Wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Walilipa kwa akiba zao, na zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Desemba 2019 mahakama ikaamua kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuzalisha upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mamia.

Ndiyo maana haki ninayoiweka mbele ya zote ni haki ya kuonyeshwa kumbukumbu kabla ya kutakiwa kujibu. Miamala ya siku nzima. Nani aliingia kwenye mfumo, saa ngapi. Ni muamala gani ulifutwa na kwa idhini ya nani. Picha za kamera, kama zipo. Karatasi ya makabidhiano ya zamu, ambayo mara nyingi haipo kabisa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na anayeingia alipokea droo bila kuihesabu. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mtu asiachishwe kwa sababu ya mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Nchi nyingi hazijauridhia, lakini utajitetea vipi dhidi ya hesabu usiyoonyeshwa?

Kwa aliyeshikiwa karatasi sasa hivi: kusaini kwamba umeipokea barua ni tofauti na kusaini kwamba unakubali kosa au deni. Ukilazimika kusaini, andika juu ya saini "nimepokea, sikubaliani", weka tarehe, omba nakala. Omba mwenzako au mwakilishi wa chama akae nawe kikaoni. Usikubali kulipa "ili yaishe" kama hujui kilichotokea, kwani malipo hayo kesho yatasomwa kama kukiri.

Kuna tundu moja linalonisumbua. Uingereza, kwa wafanyakazi wa maduka, makato ya upungufu wa fedha hayaruhusiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya ujira wa kila malipo, lakini kikomo hicho hakihusu malipo ya mwisho. Anayefukuzwa anaweza kupoteza kazi na mshahara wake wa mwisho kwa mpigo mmoja, wakati ambapo hana kingine cha kutegemea. Hapo mwajiri angetakiwa kulipa siku zilizokwisha kufanyiwa kazi, kisha adai deni lake mahakamani kama mdai mwingine yeyote.