Hita ya Nini Uganda?

Mtu akikwambia Uganda ni nchi ya joto, mwulize kwanza alilala wapi. Kama alilala Kampala, msamehe. Mimi nimelala Kabale mwezi wa Julai, ndani ya lori, nimevaa soksi. Mikononi.

Tena mchana wake tulikuwa tunaungua. Tulipita Kayabwe pale kwenye mstari wa Ikweta, watalii wamejaa wanapigwa picha, mguu mmoja kaskazini mwingine kusini, na yule bwana wa mabeseni anawaonyesha eti maji yanazungukia huku upande mmoja na kule upande mwingine. Jua linapiga utosi. Vioo vyote chini, mimi nimebaki na singilendi. Masaka, Mbarara, Ntungamo, tukapanda kile kilima cha Rwahi gia ndogo ndogo, na usiku wa siku ile ile meno yangu yalikuwa yanapiga ngoma bila kualikwa harusini.

Kabale iko juu, karibu mita 2,000. Jua likishazama ukungu unashuka kutoka milimani, unaingia hadi kwenye nyufa za mlango, na nyuzi zinashuka mpaka 10 hivi. Najua kuna ndugu yetu yuko Ulaya atacheka, aseme nyuzi 10 kwao watu wanavaa kaptula. Sawa, avae. Yeye ana hita.

Na hapo ndipo roho inaponiuma, maana lori hili lenyewe limezaliwa Ulaya. Lilishuka Mombasa mtumba, likiwa na kila kitu cha baridi. Chini ya kitanda lilikuwa na kihita chake kidogo kinachovuta dizeli kutoka kwenye tangi, kama robo lita kwa saa, injini imezimwa kabisa, moshi unatoka nje kwa bomba lake. Nje theluji, dereva ndani na fulana, anakoroma. Nilikiona kwa macho yangu haya. Kesho yake fundi wa tajiri akawa ameshaking'oa. Nikauliza, akanijibu huku anafuta mikono: "Hita ya nini Uganda?" Nina hakika sasa hivi kinapasha vifaranga vya mtu.

Hakuishia hapo. Ile mipira miwili inayopeleka maji ya moto kebini, mmoja ulikuwa unavuja. Badala ya kununua mpira, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yakawa yanakwenda na kurudi bila kupita kwangu. Kisha akatoa themostati akaitupa. Mafundi wetu na themostati wana kesi ya siku nyingi. Injini ikichemka tu, cha kwanza kuhukumiwa ni themostati. Kumbe yule maskini kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Mtoe, maji yanazurura muda wote, injini haipati joto, na wewe ndani hupati kitu.

Basi usiku ule taniboi wangu akatoa wazo: "Mzee, tuwashe injini tupate joto." Nikawasha. Tukakaa. Robo saa, nusu saa, sindano ya geji imelala kama mtoto wa wiki mbili. Dizeli ikinguruma imesimama haina joto, nyie; inaunguza kidogo, inavuta hewa nyingi, basi. Lita 2 au 3 kila saa zinaondoka, na tajiri anapima tangi kwa kijiti. Nikazima.

"Mzee, tuzibe rejeta na boksi." Hilo nalo nilishalisikia, na kwenye nchi za baridi wanafanya kweli. Akateremka, akafunga boksi la biskuti mbele ya rejeta kwa kamba. Nikawasha tena. Sindano ikainuka kidogo sana, kama mtu anayeitikia salamu ya anayemdai. Nikafungua feni ya hita. Ikanipulizia baridi ya Kabale niliyoijua tayari, pamoja na vumbi la Mombasa na jani moja kavu. Mipira si imefungwa! Tulikuwa tumesahau wote wawili.

Saa nane usiku akaja na wazo la tatu, sigiri ya mkaa aliyoazima kwa mama wa chai, inang'aa vizuri, nzuri kweli kweli. Akataka kuipandisha kebini. Hapo nilikuwa mkali. Moshi wa mkaa ule hauna harufu, unakulaza taratibu, asubuhi mnakutwa mmetulia. Tukashuka sisi, tukakaa nje kando ya sigiri na mablanketi kichwani. Askari wa zamu akapita, akatutazama, akasema "Poleni ssebo," akaendelea na koti lake refu. Lile koti bado naliota.

Asubuhi nikatafuta fundi wa pale pale Kabale, mtu anayejua baridi. Akafungua boneti, akatikisa kichwa mpaka nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyefunga. Akatia themostati, akarudisha mipira, akalainisha na ile koki ya maji ya hita iliyokuwa imeganda kwa kutu. Nikalipa mwenyewe, tajiri asijue. Tukavuka Katuna tukashusha Kigali, na kurudi tukalala Kabale tena. Kabla ya kuzima, kebini ilikuwa na joto la mkate. Taniboi alivua hadi shati. Nilimpigia mke wangu nimwambie tu kwamba sisikii baridi.

Kesho yake tukateremka. Ntungamo, nikageuza swichi kuzima hita. Inageuka, ila hewa bado ya moto. Mbarara nikaigeuza tena, ikang'oka, ikabaki mkononi. Waya umekatika huko ndani na koki imebaki wazi, wazi kabisa. Lyantonde saa saba mchana, vioo chini, jua juu, na maji ya nyuzi 80 yanapita hapa karibu na kanyagio. Taniboi anasafiri na miguu nje ya dirisha. Mimi wa kukanyaga mafuta niitoe wapi?

Kayabwe nikaegesha. Yule bwana wa mabeseni alikuwa na wazungu wanne. Sikusema na mtu. Nilivua viatu nikaingia kwenye beseni la kusini, miguu yote miwili. Wazungu wakapiga picha. Bwana akaniuliza kwa upole kama nimeona maji yanazungukia upande gani.

Nikamwambia kwanza aniletee na lile la kaskazini.