Darasa la Kwanza: masomo mengi, au kusoma kwanza?

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umempa mtoto wa Darasa la Kwanza somo ambalo kaka zake walilikuta Darasa la Tatu: Kiingereza. Kwa mkoa kama Dodoma, uamuzi huu una uzito wa pekee, na pande zote mbili zina hoja za haki.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Chini ya mtaala wa 2005, mtoto alianza shule na masomo chungu nzima, Sayansi na Stadi za Kazi zikiwemo, na wengi walipanda madarasa bila kuweza kusoma sentensi. Ndipo mwaka 2015 Serikali ikapunguza mzigo. Kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, zikapewa takribani asilimia 80 ya muda, na kilichobaki kikaenda kwenye afya na mazingira, sanaa na michezo. Kiingereza kikasogezwa hadi Darasa la Tatu.

Wanaotaka kirudi mapema wanasema jambo zito. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mjini kumejaa shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Mtoto wa Ilazo anachukuliwa na basi la shule, wa Chipanga kule Bahi anatembea kwa miguu, kisha wote wawili wanakutana Kidato cha Kwanza ambako karibu masomo yote ni ya Kiingereza. Anayesema Kiingereza kisubiri, na amtazame usoni mzazi wa Chipanga akilisema.

Lakini mtoto huyo wa Chipanga nyumbani anazungumza Kigogo. Mwenzake wa Kwa Mtoro anazungumza Kisandawe, wa Kondoa Kirangi. Kwao Kiswahili chenyewe ni lugha wanayoendelea kujifunza, na mwalimu anaanza kwa kuwazoesha kukisikia kabla ya kuandika herufi ubaoni. Kisha zinakuja silabi: ba, be, bi, bo, bu. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto aliyeshika silabi anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kuliona. Ukimwekea Kiingereza cha maandishi kabla hazijakaa, herufi ileile aliyoambiwa ni “a” inageuka sauti nyingine leo, na nyingine tena kesho. Kwa mtoto wa miaka sita, huko ni kubomolewa msingi ambao haujakauka.

Muda nao ni mdogo kuliko ratiba inavyoonyesha. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na ndiyo miezi hiyohiyo mtoto anapoanza kujifunza herufi. Familia ipo shambani, akiba ya chakula imepungua, korongo limejaa maji. Mtoto akikosa wiki moja, anarudi wenzake wameshavuka silabi ambazo hajawahi kuzisikia.

Kuna somo ambalo wazazi wengi hulichukulia kama la kujaza nafasi, nami nalitetea kwa nguvu zote: afya na mazingira. Wilaya ya Kongwa, hapahapa Dodoma, inajulikana kwa watafiti wa magonjwa ya macho tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya trakoma. Vimelea vyake husambazwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu za watoto. Mtu akiambukizwa mara kwa mara, kope hupata makovu, hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho hadi upofu. Mama anayelea watoto hao ndiye anayeumia zaidi. Kumfundisha mtoto kunawa uso kwenye kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba, ni kuokoa macho, yake na ya mama yake. Na “Mama ananawa uso” ni sentensi ya Kiswahili anayoweza kuisoma mwenyewe. Hapo masomo mawili yamefanya kazi kwa dakika zilezile. Vivyo hivyo kuhesabu kwa mbegu za ubuyu, au kwa mapigo ya ngoma ya muheme.

Kwa hiyo nakubali Kiingereza kibaki Darasa la Kwanza, ila kiwe cha sikio na mdomo: nyimbo, salamu, majina ya vitu vya darasani. Najua hoja hii ina udhaifu. Inahitaji mwalimu anayekizungumza vizuri, na walimu wengi wa madarasa ya chini walisomea ualimu kwa Kiswahili. Madarasa nayo yamefurika tangu michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016. Hata hivyo wimbo unafundishika kwa darasa lililofurika. Kusahihisha imla ya Kiingereza kwenye madaftari yote hayo hakuwezekani.

Mwezi wa Juni kila mtoto apewe aya fupi ya Kiswahili ambayo hajawahi kuiona. Akiisoma na kueleza alichosoma, afunguliwe daftari la Kiingereza. Asipoweza, vipindi vya kuandika Kiingereza vigeuzwe kuwa vya kusoma Kiswahili hadi aweze, na mwalimu asilaumiwe kwamba amechelewesha mtaala.