Mate hayaui vijidudu, yanavizuia visitulie

Dawa nyingi za kusukutua hunadiwa kwa sifa moja: zinaua vijidudu vya kinywani. Mate yetu yana njia nyingine, nami naona inastahili kusikilizwa zaidi kuliko inavyosikilizwa.

Kinachoyafanya mate yavutike ni protini ziitwazo musini. Mwaka 2014 watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, Erica Shapiro Frenkel na Katharina Ribbeck, walionyesha kwamba musini aina ya MUC5B haimuui Streptococcus mutans, bakteria anayegeuza sukari kuwa asidi. Humwacha hai akielea kwenye mate, asipate kung'ang'ania jino na kujenga utando. Akielea, anamezwa. Protini nyingine, staterini, huzuia kalsiamu na fosfati zisigande ovyo, ili zibaki tayari kuziba pale asidi ilipolainisha jino.

Wanaotilia shaka nao wana hoja nzito. Utafiti ule ulifanyika maabara, na kinywa cha mtu si maabara. Tazama baraza za kahawa pale Ngamiani, Tanga. Mtu anapiga funda la kahawa chungu, anang'ata kashata, na sukari iliyoganda na karanga inanasa kwenye mifereji ya gego, mahali ambapo hata ulimi unahangaika kuitoa. Hapo bakteria wanatengeneza asidi papo hapo, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikienda chini ya takriban 5.5 jino linaanza kuyeyuka. Kashata ile ile ikiliwa mara moja ikaisha, mate huirudisha hali sawa, mara nyingi ndani ya saa moja. Ikimegwa kidogo kidogo tangu alasiri hadi magharibi, mate hayapati nafasi hata kidogo. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, na huwa halisemwi.

Kuna pia wasio na mate ya kutosha. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hukausha kinywa, na mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo huweza kuharibu tezi zenyewe. Kuwaambia watu hawa waiachie miili yao kazi ni kuwaonea. Wanahitaji dawa ya meno yenye floridi, maji ya kunywa mara kwa mara, na daktari wa meno kabla jino halijaanza kuuma. Hata mwenye mate tele, usiku yanapungua sana, kwa hiyo mswaki wa kabla ya kulala hauna mbadala.